Nani Alikanda Huu Mguu

Musembi, soma hii peke yako. Niko hospitali hapa Kitui. Mama Kasyoka amelazwa.

Ulikuwepo asubuhi tukichimba mitaro na kikundi chetu cha mwethya, ile kazi ya pamoja. Ulimsikia akisema nyuma ya goti kumeshika ghafla, kama amefinywa na koleo. Na ulisikia nilivyomjibu mbele ya wanawake wote: "Mguu wako huuma siku ya jembe tu!" Wakacheka. Mimi ndiye mwenyekiti, niliogopa waseme mke wangu anapendelewa.

Na ametoka kitandani juzi, wiki mbili za malaria. Nilijua!

Nyumbani nikamkanda na mafuta ya moto, kwa nguvu. Alilia. Nikamwambia avumilie. Mguu ukafura, huo mmoja tu, ukawa moto.

Daktari anasema inaweza kuwa msuli, inaweza kuwa maji ya goti, lakini anachoogopa ni damu kuganda kwenye mshipa. Mguu ukikandwa, kipande kikakatika kikaenda mapafuni, mtu anakufa. Halafu akauliza, "Nani alikanda huu mguu?"

Mama Kasyoka akanitangulia. "Nilijikanda mwenyewe."

Mwenyewe! Akakaripiwa kama mtoto, na mikono yangu bado inanuka mafuta. Nikanyamaza, Musembi. Nikatoka nje kukuandikia.

Waambie wale wanawake hakuwa mvivu.

Wacha. Usiwaambie. Nitakuja kuwaambia mimi. Lakini kwanza narudi ndani kwa daktari.