Alama Zangu Zilipopanda

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wawili. Mimi mwili hauna neno, ila kidole cha shahada nilikibana kwenye mlango wa jokofu la mteja, kucha ikang'oka. Ndiyo maana unaona mwandiko umekaa kama kuku kapita. Ninyi mu wazima? Magoti ya mama yanasemaje siku hizi? Anakula vizuri?

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, na nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nilipataje mkopo wa kufungua karakana ilhali benki ilishanikatalia. La pili, kwa nini mama ameiacha nyumba yake akahamia kwako, na kila ukimtajia kurudi anageuza mazungumzo. Umeyauliza kama maswali mawili mbalimbali. Ni swali moja, dada. Nivumilie nikujibu taratibu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikitengeneza majokofu barazani kwa watu, mtungi wa gesi begani kama mchukuzi. Mwaka juzi mwenye bucha kubwa akaniambia atanipa kazi ya mwaka mzima ya kutunza vyumba vyake vya baridi, mradi niwe na karakana inayoeleweka na mashine zangu mwenyewe. Nikapiga pasi shati, nikaenda benki. Afisa mikopo, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, alitazama kompyuta yake, kisha akaniuliza polepole kama nazijua alama zangu. Nikamjibu kwamba shule nilimaliza zamani, alama zenyewe hazikuwa za kujivunia. Hakucheka. Akanigeuzia kioo nione. Kumbe kila anayekopa ana alama zake, zinazoonyesha huwa analipaje, na zangu zilikuwa chini kabisa, zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Kulikuwa na mikopo mitano isiyolipwa, yote kwa jina langu.

Miwili ilikuwa yangu kweli. Mmoja ni ile televisheni niliyochukua kwa malipo ya kidogo kidogo, ikaharibika kabla sijamaliza kuilipa, nami nikaona sina haja ya kulipia kitu kilichokufa. Mwingine ni mkopo mdogo wa simu, ambao niliudharau mpaka faini yake ikauzidi wenyewe. Mitatu iliyobaki ilichukuliwa kwa laini yangu ya zamani. Hiyo nitaifikia.

Yule mama wa benki alinihurumia. Aliniandikia nyuma ya fomu iliyoharibika mambo ya kufanya: nilipe kwanza ule mdogo na nidai barua ya kuthibitisha, niipeleke mwenyewe ofisi ya taarifa za mikopo, kisha nikope kidogo mahali pamoja na nilipe kabla ya tarehe, na nisibishe hodi kwa kila mkopeshaji, kwa sababu kila hodi inaandikwa. Nikafanya yote. Nikaacha sigara. Mzee Risiti, yule muuza vipuri anayekuandikia risiti hata ukinunua skrubu moja, alinipa gesi kwa mkopo, nikawa namlipa siku tatu kabla ya tarehe, mpaka akaniuliza kama nimeokota pochi. Kila mwezi nilikwenda kuangalia alama zangu kama mzazi anayempima mtoto urefu ukutani. Zilipanda, dada. Nilitembea kifua mbele barabarani kwa sababu ya tarakimu ambayo hakuna aliyeiona ila mimi.

Kisha zikakwama. Msichana wa ofisi ya taarifa akanieleza kwamba ile mitatu ndiyo inayozivuta chini. Kama ni yangu, nilipe pamoja na faini zake. Kama si yangu, niende polisi nikaandike maelezo kwamba mtu alitumia laini yangu bila idhini, na ofisi yao itaifuta kwenye jina langu. Fedha ya kuilipa sikuwa nayo. Mwenye bucha alikuwa amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikwenda polisi. Niliandika kwamba laini ile nilimwachia mama nilipobadilisha simu. Hiyo ni kweli. Niliandika kwamba mama ndiye aliyekopa. Hiyo pia ni kweli. Kisha nikaandika kwamba sikujua wala sikumruhusu, nikaweka sahihi.

Mama aliitwa kituoni. Hilo hukuambiwa. Alikuja amevaa gauni lake la bluu la kutokea, mkoba mapajani, tukakaa benchi moja. Askari akasoma maelezo yangu kwa sauti, neno kwa neno, akamuuliza mama kama ndivyo ilivyokuwa. Mama akanitazama. Hakunitazama sana, alinitazama kama alivyokuwa akitutazama asubuhi kuona kama tumenawa uso. Kisha akasema, "Ndivyo. Mwanangu hakujua." Akauliza atie sahihi wapi. Askari akanigeukia, akauliza kama nataka kesi iendelee. Nikasema hapana, nimemsamehe. Nilisema hivyo, dada, na mama amekaa pale pale.

Madeni yakahamia kwake. Alama zangu zikapanda, mkopo ukatoka, na karakana unayonipongeza ndiyo hiyo. Lakini maneno ya kituoni hayakukaa kituoni. Mke wa yule askari yuko kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kile ambacho mama alikuwa mweka hazina wake kwa miaka kumi na mmoja. Hawakumtukana. Walimwambia tu apumzike, ufunguo wa kasha ashike mwingine. Baada ya hapo alikaa ndani mchana mlango umefungwa. Mwezi uliofuata akakupigia simu akasema magoti yanamsumbua, angependa kukaa kwako.

Sasa nikuambie nililolificha. Mikopo ile mitatu ilichukuliwa asubuhi moja, ile uliyokuwa wodini, mtoto amekwama, na hospitali inataka fedha kabla ya kukuingiza chumba cha upasuaji. Mama alikuambia alizipata kwenye kikundi. Hazikutoka huko. Alinipigia simu mimi, nikiwa juu ya paa natengeneza kiyoyozi cha duka. Akasema laini yake imekataliwa, ila ile yangu inakubali, je, achukue? Nikamjibu, "Chukua, mama. Chukua chochote watakachokupa, tutalipa wote." Nakumbuka nilipiga kelele kwa sababu ya upepo. Sikusahau hata siku moja. Nilikuwa nakumbuka hata nilipokuwa nimeshika kalamu mezani kwa askari.

Sikuandikii haya ili uone wewe au mtoto ndio mliotuletea deni. Fedha ile ilifanya kazi yake, na mpwa wangu anakimbia. Aliyeharibu ni mimi.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama, nikasimama mbele yao, nikasema yote. Mwenyekiti akaniuliza kama mama anajua nimekuja. Nikasema hajui. Akasema siku walipomuuliza mama fedha zile zilikuwa za nini, alijibu kwamba zilihitajika, basi. Angetaja hospitali tu, akasema, wangemchangia wao wenyewe. Kisha wakaendelea na mkutano wao. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke, nikatoka.

Jumatatu naenda kituoni kuandika maelezo mapya. Huenda nikawekwa ndani kwa kudanganya, sijui. Benki nayo huenda ikataka fedha zake. Mwenye bucha nimeshamwambia, na anatafuta fundi mwingine. Nimewauliza wakopeshaji wale deni limebaki kiasi gani, nikakuta mkopo mmoja umeshalipwa wote. Mama aliupatia wapi fedha, sijui. Labda wewe unajua huwa anakwenda wapi anapokuambia anakwenda kunyoosha magoti.

Nina ombi moja tu. Usimwambie chochote mpaka Jumanne. Akijua leo, kesho atapanda basi la kwanza kabisa, aje aketi mbele ya yule askari na mkoba wake mapajani, aseme tena kwamba mwanawe hakujua.

Nisalimie shemeji, mwambie feni yake nitaitengeneza nikijaliwa. Wapwa zangu wakumbatie kwa niaba yangu, mdogo zaidi ya mkubwa. Ukitaka kunijibu, nijibu, usipotaka, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi