Tuliyemzikia Mgomba

Al Warqa, Dubai
10 Desemba 2006

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako aliye mbali. Natumaini miguu imeacha kukusumbua na mvua haijalaza maharagwe. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu Ijumaa moyo haujatulia. Tafadhali barua hii akusomee Yuliana wa kanisani, si kaka Zedekiya.

Unajua madam Amna anavyopenda kutembeza wageni wake. Mwezi uliopita tulikwenda Hatta kuona milima, kisha Al Ain, na kazi yangu ni ile ile ya kushika watoto na birika la chai. Ijumaa ikawa zamu ya jangwa. Huku matembezi ya adhuhuri hadi magharibi nayo wanayaita safari, sijui sisi tuliovuka bahari tuyaite nini yetu. Dereva wa kukodi alivaa kanzu, kilemba kimemfunika uso hadi machoni. Alipunguza upepo kwenye matairi, akaanza kupanda vilima vya mchanga na kuteremka kiubavu, wageni wakicheka, mimi nikisali.

Mtoto mdogo akatapika. Dereva akasimama, akaja na maji kunisaidia kumwosha. Nikamsikia akisema polepole, kwa Kibukusu, kwamba Nasimiyu bado anaogopa magari. Nilidhani jua limenipiga, maana hapa kila mtu ananiita Judy. Akafungua kilemba. Sikio la kushoto halipo na shavu limeungua, lakini ni Ignatius, mama. Kaka yangu Ignatius, ambaye miaka miwili iliyopita tulimzikia mgomba kwa kuwa hatukuwa na maiti. Nilitambaa kinyumenyume mchangani. Madam akasema yalla, twendeni, jua linazama.

Tulipofika kambini, wageni wakipanda ngamia, alinieleza. Malori waliyokuwa wakiendesha yalipochomwa kule Iraki, wenzake waliotupigia simu waliamini kweli amekufa. Yeye alilala hospitalini Kuwait miezi mitano. Alipoweza kuongea alipiga simu nyumbani, akasema ni mimi Ignatius. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba tumeshakuzika, usitufuate. Simu ikakatwa, na namba ile haikupatikana tena. Kulikuwa na kelele nyingi, lakini ana hakika alikuwa mkewe. Akaapa hatakanyaga kwetu tena. Nami nilishindwa kumwambia kwamba Zedekiya amemrithi mkewe Everlyn na wana mtoto.

Mama, hakuwa Everlyn. Ni mimi. Ulikuwa shambani, simu umeniachia. Mlitufundisha kwamba marehemu akikuita usiitike, mfukuze. Nikamfukuza. Kisha nikatoa laini nikaitupa chooni, nikakuambia imepotea. Siku zile wazee walikuwa bado wanajadili nani amrithi mjane, Everlyn akilia kwamba hajaamini mumewe amekufa, nami nikanyamaza kwa woga. Na juzi Ignatius alimlaani Everlyn mbele yangu, nikanyamaza tena. Naona aibu hata kuandika.

Ijumaa ijayo atakuja kuniona. Nitamwambia yote, akitaka kunipiga anipige. Nakuomba umwite Everlyn peke yake, umwambie Ignatius yu hai na hajaoa mwingine. Umwambie pia ni nani aliyeshika simu.

Wasalimie majirani na wote wanaonikumbuka kwa sala. Zedekiya naye umsalimie, hana kosa lolote.

Ni mimi mwanao,
Judy Nasimiyu