Mkono Kwenye Kona ya Mkonge

Mjomba Mkude,

Sijui nianzeje, maana jina nililoliandika hapo juu sasa wananiita mimi. Siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa kule Kinole, wakanifunika shuka lako, wakanikalisha kwenye kigoda chako, wakasema mpwa ameinuka na jina la mjomba wake. Tangu siku hiyo wanaukoo wananipa shikamoo zako, hata watu walionizidi umri. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, na huyo ni mama yangu. Dada yako ananiita Paulo kama zamani, na akisikia wengine wakiniita kwa jina lako anainuka anakwenda jikoni.

Gari nalo wamenipa. Wanao hawakunung'unika, kwetu mali humfuata mpwa, nao watarithi kwa wajomba zao.

Acha nikueleze tulivyokukuta, kwa sababu wewe hukuona. Ulitangulia peke yako asubuhi kuijaribu njia ya mashindano, ile inayozunguka lile shamba la mkonge lililobinafsishwa. Mimi na Shabani wa gereji yetu tukafuata na pikipiki, tumebeba dumu la petroli. Ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo tuliisikia injini kabla ya kuliona gari. Lilikuwa limesimama mbele kidogo ya ile kona ya kushoto, katikati ya njia, limenyooka, halijagusa hata jani la mkonge. Gia ilikuwa huru, breki ya mkono imevutwa, injini inanguruma taratibu, nawe umeinamia usukani kama mtu anayesikiliza kitu. Nikakuuliza, "Mjomba, unasikia nini?" Nilikuuliza mara mbili.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba huenda ulisimama hata kabla hujafika kwenye kona. Wazee wakauliza: basi nani alilitoa gari kwenye kona, kwenye tope lile?

Unakumbuka siku lilipofika kutoka bandarini? Kiwanda kilikuwa kimewapunguza, watu wote wakadhani kiinua mgongo chako utajengea nyumba. Wewe ukaagiza gari la mtumba la Japani, lenye maandishi ya Kijapani kila mahali, tukawa tunajifunza vitufe kwa kuvibonyeza. Ndivyo tulivyokijua kile kifaa cha kuzuia gari lisiserereke. Gari likianza kuteleza kinakata nguvu ya injini, na chenyewe kinashika breki ya gurudumu moja mpaka gari linyooke. Ulikiita Mkwe, kwa kuwa akiwepo huwezi kukaa kwa raha.

Mabishano yetu kuhusu Mkwe yalijulikana Msamvu nzima. Mimi nilisema aachwe, hasa njia ikiwa na tope jekundu na dereva hajaizoea. Wewe ulisema kwenye mashindano unataka mkia wa gari ucheze kidogo ili pua igeuke upesi, na Mkwe hataki mkia ucheze, anakukatia nguvu pale pale unapoihitaji. "Paulo, mimi naendesha au naendeshwa?" ulikuwa unaniuliza, huku kidole gumba kimeshabonyeza kitufe cha kumzima. Taa ya njano ikiwaka unacheka. Na kweli ulikuwa mwepesi kuliko wote.

Baada ya matanga vijana wa gereji wakaniandikisha kwenye mashindano ya Jumapili hii. Waliandika Mkude, hawakuniuliza. Na kila mtu alitegemea Mkude aendeshe kama Mkude, yaani Mkwe akiwa nje.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilibonyeza kama wewe, mara moja tu, haraka, bila kuangalia. Taa ya njano ikawaka. Shabani alikuwa pembeni yangu. Niliingia kwenye kona ya mkonge kwa kasi ya kijinga, mkia ukaanza kutoka. Kabla sijageuza usukani, kitu kikashika gurudumu la mbele, upande wangu. Nilikisikia chini ya nyayo, grr-grr-grr, halafu gari likanyooka lenyewe.

Taa bado ilikuwa inawaka. Kifaa kilikuwa kimezimwa, Mjomba. Nilikuwa nakiona kwamba kimezimwa.

Tukazunguka tena, ikawa vile vile, mahali pale pale. Shabani akafungua mlango akashuka, akarudi mjini kwa miguu na viatu mkononi. Kesho yake gereji yote ilikuwa inajua kwamba Mkude hajatoka garini. Wateja wakawa hawataki kuegesha karibu nalo. Mwanamke mmoja wa ukoo akaenda kumwaga unga pale kwenye kona, nikaukuta asubuhi, mweupe juu ya tope.

Utanicheka, lakini sikuogopa. Nilikuwa nimekukosa mno. Nikawa nakwenda peke yangu, na wala si kwa mazoezi. Nilikuwa nakwenda kushikwa. Naingia kwenye kona vibaya makusudi, nasubiri, na ule mkono unakuja. Nasema "Ahsante, Mjomba," kisha narudi gereji kufunga breki za watu.

Wiki iliyopita ukungu ulishuka mlimani mpaka kwenye mistari ya mkonge, sikuona mbele ya boneti. Nilikaa mwanzo wa njia, gumba likiwa juu ya kitufe, nikiangalia upande ambao kona ingepaswa kuwa. Nadhani nilikuwa naomba. Nikasahau kuondoa kidole. Taa ya pili ikawaka, ndogo, chini ya ile ya kwanza. Taa hiyo mimi na wewe hatujawahi kuiona.

Nikaondoka hivyo hivyo. Kwenye kona mkia ukatoka, nami nikasubiri kama nilivyozoea. Hakuna aliyekuja. Gari liliendelea kuzunguka, kimya kabisa, mkonge ukapita mbele ya kioo, ukapita tena, tukasimama tukiangalia tulikotoka. Nasema "tulikotoka" kwa mazoea tu. Nilikuwa peke yangu. Tangu ufe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwa peke yangu ndani ya gari lako.

Baadaye nilijaribu pole pole, mahali pa wazi, mpaka nikaelewa. Ukibonyeza mara moja, unamzuia Mkwe asiguse injini. Breki anabaki nazo. Ili atoke kabisa lazima ushikilie kitufe, na wewe, Mjomba wangu, hujawahi kushikilia kitu kwa muda mrefu, hata mkono wa mgeni. Miaka yote ile ya kujisifu, kumbe hukuwahi kumtoa! Nilicheka mpaka nikapiga honi bila kutaka. Kisha nikalia, maana hapo ndipo ulipokufa kwangu.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Na hata nikisema, Mkwe hawezi kutoa gia wala kuvuta breki ya mkono. Nimefuata waya mmoja mmoja kuanzia kwenye boneti mpaka nyuma, hakuna unaofika huko. Hilo nimeliacha lilivyo.

Sasa nikwambie ya leo, ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mama alikuwa amenikataza kushindana. Alisema amezika kaka, hawezi kukaa matanga mengine ya jina hilo hilo. Leo asubuhi akaja gereji amefunga kanga vizuri, rozari mkononi, akasema nimpeleke kwenye kona wanayoisema watu. Yeye ambaye hata ulipokuwa hai hakuwahi kukubali kupanda gari lile! Nikaona si haki kumficha. Nikamwambia, "Mama, ni kifaa cha gari tu. Hata Mjomba alikuwa hajui kwamba hakijazimika."

Akanijibu, "Sikukuuliza ni nini. Nakuuliza kama kinashika."

Sikugusa kitufe. Ukungu ulikuwa ule ule. Nikaingia kwenye kona kwa kasi ambayo najua gari haliwezi kuibeba, mkia ukatoka, injini ikapumua chini, na grr-grr-grr ikapita kwenye miguu yetu wote wawili. Gari likanyooka. Nikalisimamisha mbele kidogo, nikazima injini. Kulikuwa hakuna sauti yoyote, hata ndege.

Mama aliangalia mikono yangu juu ya usukani. Alipogeuka hakunitazama usoni, aliinamisha macho kama anavyofanya mbele ya wakubwa wake.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nikasikia "Marahaba" inatoka mdomoni mwangu, nzito, taratibu, yenye kikohozi chako kidogo mwishoni. Mimi sina kikohozi.

"Nenda Jumapili," akasema. "Lakini kiache kishike."

Basi nitakiacha, Mjomba. Mabishano yetu yamekwisha na nimeshinda, ingawa ningependa kushinda ukiwepo. Nitachelewa kwenye kona, wenye magari mepesi watanipita, na watasema Mkude kazeeka, kawa mwoga. Wakisema hivyo watakuwa wametusema wote wawili, tuvumilie.

Pumzika sasa, Mjomba. Na kama hupumziki, kama uko pale kwenye mkonge unasubiri, basi nisubiri bila haraka. Dada yako hatamzika Mkude mara ya pili. Nakuahidi.

Mpwa wako