Profesa wa Chumba cha Pasi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na lile goti limeacha ukaidi. Sisi huku ni wazima, ila mjukuu wako ana kikohozi kidogo, ambacho hata hivyo hakimzuii kula.

Uliniuliza habari za kazi. Bado nasimamia chumba cha kufulia nguo za hospitali, na leo nataka nikusimulie habari za mpiga pasi mmoja tunayemwita Profesa. Jina lilianza kama kejeli. Ana watoto wawili, anaingia kazini alfajiri, na saa kumi jioni anavua aproni na kukimbilia chuo kikuu kusoma takwimu. Wenzake walimwambia mshika mawili moja humponyoka. Yeye akacheka tu, akazidi kuyashika yote mawili.

Mama, huyu mwanamke ana akili ya peke yake. Kanuni zake za hesabu huziandika kwa chaki kwenye kitambaa cha meza ya pasi, akazikariri huku akinyoosha mashuka. Siku moja alisahau kufuta, akalaza juu yake koti la daktari mkuu. Daktari akazunguka wodini asubuhi nzima na hesabu mgongoni, zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Nilidhani mtu wangu atafukuzwa. Daktari akaja mwenyewe kuuliza maana yake, akaelezwa mpaka akachelewa kikao. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka jana mtihani wake uliangukia siku ya zamu. Aliniomba ruhusa wiki tatu kabla, kwa maandishi na kwa adabu. Nikamjibu kwamba hakuna wa kumshikia zamu. Akakosa mtihani, ikabidi arudie somo lile mwaka mzima. Hakuninunia. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, akawasha pasi.

Mwaka huu mtihani ukaangukia tena siku ya zamu. Akaja na barua ya maombi yenye maneno yaleyale, tarehe tu ndiyo mpya. Nilipoisoma aibu ilinishika. Nikatia sahihi, na siku ilipofika nikavaa aproni yake na kusimama mezani pake kutwa. Mgongo ulinikumbusha umri wangu. Juzi matokeo yametoka: amefaulu, wa pili darasani kwao. Nikamwita, nikamwambia kwamba hata mwaka jana mtu wa kushika zamu alikuwepo, naye ni mimi. Akasema, "Nilijua, bosi. Nilikuwa nasubiri uchoke kunizuia."

Na wewe, Mama, nina lako la kukiri. Nilipoacha masomo yangu ya jioni nilikwambia kazi ndiyo iliyonizuia, nawe umeilaani kazi hii miaka sita. Haikunizuia. Niliogopa mtihani. Siku ile nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi mpaka wenzangu wakatoka. Kama Profesa angefaulu akiwa kwenye kazi hiihii, uongo wangu ungekosa pa kusimama, ndiyo maana nikamnyima ruhusa. Usiilaani kazi tena, Mama. Nisamehe mimi.

Mpe shangazi salamu zangu, na wote wanaoniulizia hapo nyumbani waambie nipo.

Nakupenda na nakuheshimu,

Kifungua mimba wako