Kanda Niliyosahau Kubadilisha

Dada yangu Everlyn, huko nyumbani mko salama?

Quincy ameota jino. Mimi bado nasafisha ile ofisi ya pale Adams, na siku hizi pia nabadilisha kanda za kompyuta, zile za kuhifadhia nakala za faili. Faili ni kubwa, kanda moja ikijaa mashine inaitisha nyingine.

Jana ilipoitisha nilikuwa chooni namkamulia Quincy maziwa. Nikarudi mbio, nikabonyeza bila kubadilisha. Nusu ya pili ya faili ikaandikwa juu ya ya kwanza na kuifuta. Bosi wangu, Bwana Muchiri, akauliza, "Mama Quincy, kanda ziko sawa?" Nikasema ziko.

Leo alitaka kufuta faili yenyewe kwa kompyuta, akijua nakala iko kwenye kanda. Nikapiga kelele, "Ngoja, nilikudanganya!" Nikamweleza yote.

Akaondoa mkono kwenye kompyuta, akasema, "Lete kanda, turudie. Mambo ya maziwa ungeniambia tu."

Kuhusu kazi hajasema kitu. Niombee.

Mdogo wako, Peres