Kufyeka Kaburi Gotjawal

Jocheon, Jeju

Kwako mwanangu Yeon-ok,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Hujambo? Mumeo na kikohozi chake vipi? Mimi ni mzima, nguvu ninazo kama fahali, ila nakaa nainuka, nakaa nainuka, hata chai inapoa sijaigusa. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mdomo wangu hunitangulia.

Unajua kwamba tangu marehemu baba yako atutoke, kaburi la babu yako nalifyeka mimi peke yangu, miaka kumi na moja sasa, kila sikukuu ya mavuno ikikaribia. Na Gotjawal si pori la mchezo: mawe matupu yaliyovunjikavunjika, mizizi imeyakumbatia kama pweza, miiba, na mashimo yanayopumua baridi wakati wa joto. Wenzangu huingia na kamba. Mimi huingia na mundu na wimbo. Mwaka juzi nguruwe mwitu alinizibia njia, nikamkemea kwa jina la ukoo wetu wa Hyeon, akainamisha kichwa akapisha. Mama yako mdogo anasema alikuwa paa, tena mtoto. Yeye hakuwepo.

Basi wiki iliyopita nimeshafyeka, nimemimina pombe, nimeinama mara mbili na machozi yananitoka, mara nikaona bibi mmoja ameketi juu ya ukuta wa mawe unaozunguka kaburi. Akaniuliza baba mkwe wake amenifanyia nini hata nimlilie hivyo. Nikamwambia, bibi, umepotea, huyu ni baba yangu. Akacheka hadi akashika mbavu. Kumbe ndiye wewe, akasema. Kila mwaka wao wa ukoo wa Bu wakifika hukuta kaburi limeshanyolewa. Mwanawe hushikilia kuwa ni mizimu, yeye hushikilia kuwa ni mjinga fulani, na leo ameshinda. Akanionyesha herufi za Kichina kwenye jiwe, akaniambia nisome. Nikasema sikuja na miwani. Akavua yake akanipa.

Mwanangu, herufi zile sizijui. Shule niliiacha darasa la tatu, na babu yako alizikwa nikiwa na miaka minne. Baba yako, aliyekuwa akilifyeka peke yake kabla yangu, alipokuwa kitandani mahututi alitaka kunichorea njia. Nikamwambia asinitukane, nitafika hata nimefumba macho. Miaka yote hiyo nimemnywesha mzee wa Bu pombe yetu na kumsimulia siri zetu zote, na baba yangu amelala mahali na miiba kichwani.

Na wewe umeshaajiri watu waje tarehe ishirini kuifukua mifupa uihamishie huko kwako. Wazuie. Watamfukua mzee wa watu.

Tangu siku ile naingia porini kila asubuhi. Mikono imechanika, mama yako mdogo ameacha kunicheka. Jana nimekuta ukuta uliobomoka upande mmoja, mti umeota katikati. Jiwe nimelisugua, nyasi sijagusa hata unyasi mmoja. Nimezichora herufi zake chini ya jina langu, kama zilivyo. Wewe umesoma. Zisome, unipigie. Ikiwa ni yeye, mundu nimeshaunoa. Ikiwa siye, piga vilevile, buti sijavua.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, na mumeo mwambie ameze asali. Usinichukie.

Ni mimi, baba yako mdogo,
Hyeon Deok-su