Malaria Ambayo Kipimo Hakikuiona

Jumapili. Mvua inanyesha hapa mtaani Bwiza tangu asubuhi, na mimi nimechoka hata kabla ya kunawa uso.

Wanaonijua watacheka. Mimi! Hakuna sherehe ya mahari mtaani kwetu iliyopita bila pilau yangu. Sijisifu. Basi, kidogo tu.

Jana ilikuwa ya binti wa jirani. Kitenge cha sare nilikuwa nimeshashonesha. Nikabaki kitandani, nikatuma neno kwamba nina malaria. Malaria ya tatu mwezi huu. Hapa kwetu ukisema malaria hakuna anayekuchunguza. Wanakuombea, wanakuletea machungwa.

Na dawa nilimeza kweli, maana nilishaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Leo Aisha, mwanangu wa kwanza, anayesomea udaktari (ndiyo, udaktari, na kichwa amerithi kwangu), akakuta pakiti tupu ya dawa chini ya godoro. Akanichoma kidole, akapima. Hakuna malaria.

“Mama, we unalia kila siku?”

“Mi? Apana. Ni vitunguu.”

“Vitunguu vya kitandani, Mama?”

Nikacheka. Kisha nikalia mbele ya mtoto wangu. Sijawahi.

Akashika vidole vyangu, vilivyovimba tangu mwaka jana kwa ugonjwa wa viungo. Akasema kinga ya mwili wangu imeacha kupiga vijidudu, inapiga viungo vyangu mwenyewe. Na vita hivyo havibaki mikononi. Habari zake zinafika hadi kwenye ubongo, na kwa watu wengine zinaleta huzuni nzito.

“Si kila mutu, na si sababu peke yake. Hata walimu wetu bado wanachunguza. Lakini ukiwa na homa, Mama, si unataka kulala tu, hutaki watu? Mwili wako unafanya hivyo bila kupumzika.”

Kwa hiyo si uvivu.

Mwaka mzima nimejitukana bure.

Kesho nina miadi na daktari wa viungo. Siku zote nilimwonyesha mikono tu, nikamsimulia habari za Aisha, nikaondoka. Kesho nitamwambia kwamba kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka.

Aisha amesema yeye atangoja nje, nisione haya. Nilikuwa naogopa sana asikie maneno hayo kutoka kwangu, mimi mama yake.

Nimemwambia apana. Aingie, akae karibu yangu.